Harufu ina saa zake: siku moja na fundi wa mabomba Umoja

Saa 11 alfajiri

Naamka Kayole, Nairobi, kungali giza. Chai ya mkandaa, kipande cha muhogo cha jana, kisha nakagua mkoba: spana, bisibisi, tochi, patasi, mifuko ya nailoni, seloteipu pana na vijiti viwili vya udi. Udi huo sio wa kufukiza nyumba. Kazi yake mtaiona.

Jana usiku nilizungumza kwa simu na mama mmoja wa mtaa wa Umoja, anakaa ghorofa ya pili. Nyumba yake inanuka, na sasa ni wiki ya tatu. Mafundi wawili wameshapita. Wa kwanza alibadilisha paipu ya sinki ya jikoni, wa pili akapaka silikoni kuzunguka choo. Wote wamelipwa, harufu ipo.

Nilimuuliza: "Mama, hunuka saa ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "Asubuhi watoto wakijiandaa. Na jioni tena. Mchana, dada akishapiga deki, inaisha."

Hilo la deki sikuliacha lipite. Nikamwomba alale dirisha la bafu limefungwa, asimwage dawa yoyote sakafuni na asipulize manukato.

Katika kazi hii nimejifunza kuuliza saa kabla ya kuuliza mahali. Panya akifia darini, nyumba hunuka mchana na usiku, na nzi watakuonyesha pa kupasua. Soketi inayoungua hutoa shombo kama ya samaki pale tu pasi au hita inapochomekwa. Hiyo usimngoje fundi wa mabomba, zima swichi kubwa. Ukungu hunuka zaidi nyumba ikiwa imefungwa. Harufu ya majitaka nayo hufuata maji: maji yanapokwenda, nayo huja.

Saa 12:30 asubuhi

Nashuka matatu, natembea. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1970, nyumba za chini zenye nafasi ya kuongeza vyumba. Leo nyingi zimekuwa fleti za ghorofa nne, tano, ukuta kwa ukuta.

Mama ananifungulia na naipata mlangoni: mayai viza. Ni gesi ya haidrojeni salfaidi, inayotoka kwenye uchafu unaooza mahali pasipo na hewa. Pua huinasa hata ikiwa kidogo sana, kisha pua hiyo hiyo huizoea haraka. Ikiwa nyingi, kama ndani ya manholi, yaani shimo la kukagulia majitaka, huua kabisa uwezo wa kunusa, na mtu huanguka akidhani hewa imesafika. Ndiyo sababu siingizi kichwa manholi, hata niitwe na nani. Nyumbani inatosha kutoka nje dakika tano kila baada ya muda, upumzishe pua.

Dada wa kazi amesimama kando ya mlango wa jikoni, mikono ameificha nyuma. Baadaye nimeiona: ngozi inabambuka vidoleni. Ameambiwa haoshi vizuri, naye kwa wiki tatu anasugua bafu kwa dawa ya madoa ya klorini mara tatu kwa siku. Siku moja aliichanganya na asidi ya choo akakohoa mpaka akatoka nje. Nimemwambia hapo hapo: dadangu, hizo mbili zikikutana hutoa klorini, gesi ya kuunguza mapafu. Usirudie kamwe.

Naanza kufunga matundu. Sinki nailoni na seloteipu, karo ya kufulia vivyo hivyo, kifuniko cha choo nakigandisha pembeni. Nabakisha tundu la sakafu ya bafu. Nawasha udi, nazima mwali, nashusha moshi karibu na chujio. Moshi unasukumwa juu, unapinda kuelekea mlangoni. Hewa inapanda kutoka kwenye bomba la taka.

Nang'oa chujio na kumulika. Chini ya kila tundu kuna trapu, pindo la paipu linalobaki na maji wakati wote. Maji hayo ndiyo mlango: kimo chake ni kama milimita 50, upana wa vidole vitatu, na ndiyo kitu pekee kinachotenga nyumba yako na laini ya majitaka inayoteremka hadi mabwawa ya kusafishia majitaka ya Ruai. Hapa naona alama ya maji ukutani mwa paipu, nywele chache zimenata, na chini yake tope linalong'aa. Maji hayafiki hata nusu ya pindo.

Namwaga ndoo moja. Baada ya dakika chache harufu inapungua, mama anashusha pumzi, anafungua pochi.

Namwambia asubiri. Trapu hukauka kwenye bafu la wageni lisilotumiwa, au mtu akisafiri mwezi mzima. Bafu hili huoga watu wanne kila siku. Limekaukaje?

Saa 1:10 asubuhi

Nimepiga magoti, tochi mkononi. Juu yetu kuna nyumba mbili zaidi kwenye bomba hili hili. Nasikia viatu vya mtoto wa shule, kisha choo kinavutwa. Maji yanaporomoka ndani ya ukuta.

Maji niliyomwaga yanatikisika. Yanakunja uso, yanapanda kidogo upande mmoja, kisha yanavutwa chini kwa sauti kama ya mtu anayemaliza uji kikombeni. *Gluup.* Choo cha pili kinavutwa, yanaondoka tena. Robo saa haijaisha, na tope limeonekana.

Nimemwita dada aje aone mwenyewe, na mama nyuma yake. Nimewaeleza: maji yanayoporomoka huacha ombwe nyuma yake. Bomba linatakiwa livute hewa kutoka paani, kwenye paipu ya kupumulia. Hiyo ikizibwa, litavuta kutoka tundu lolote la karibu, na litaondoka na maji ya trapu yako. Wa juu wakijiandaa asubuhi, trapu inanyonywa na harufu inaingia. Mkioga, na dada akipiga deki, maji yanarudi, harufu inakoma. Jioni wa juu wamerejea, inaanza upya. Deki ilikuwa inaijaza trapu. Ndiyo maana ikaonekana kama shida ni uchafu.

Mama amemtazama dada. Hajasema kitu, akaenda kubeba mkoba wake wa kazini.

Saa 3 asubuhi

Naenda paani na mzee keyateka, mtunza jengo. Namuuliza ni nini kilichofanywa huku siku za karibuni. Ananionyesha matangi mawili mapya. Mgao wa maji umewabana, wakaongeza akiba, na mjenzi akamwaga jukwaa la zege. Ni lini, mzee? "Wiki tatu, nne hivi."

Nagonga zege kwa patasi mpaka inapolia tofauti. Paipu ya inchi nne ilikatwa usawa wa sakafu, ikazibwa kwa mfuko wa saruji na kufunikwa. Namaliza saa mbili nzima kuifikia. Ninapoutoa ule mfuko, paipu inavuta pumzi. Karatasi iliyokuwa kando imenyonywa mdomoni mwake.

Saa 6 mchana

Hadweya: paipu, kona mbili za paipu, gundi, kofia yenye wavu. Chapati na maharagwe.

Saa 8 mchana

Nimeipitisha paipu pembeni mwa jukwaa na kuipandisha juu ya matangi, isije ikapuliza kwenye maji ya watu. Gundi imeshika. Mzee yuko ghorofa ya nne, mkewe ya tatu, mimi na dada tumeinama bafuni. Napiga simu: vuteni pamoja.

Ukuta unanguruma. Maji ya trapu yanacheza, yanacheza, yanatulia. Tumerudia mara nne. Dada ameingiza kidole kupima, maji yako pale pale.

Saa 10 jioni

Simu kutoka Donholm, jikoni kunanuka gesi. Nikiwa njiani nawaelekeza: msiguse swichi, fungeni mtungi, fungueni mlango, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni. Nimefika, povu la sabuni limetoa mapovu kwenye mpira karibu na regulata ya mtungi. Mpira mpya, dakika kumi.

Saa 2 usiku

Mama wa Umoja anapiga. Wa juu wamerudi, wameoga, vyoo vimevutwa, bafu halina harufu. Kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Fundi, kwa hiyo haikuwa usafi hata kidogo?"

Hata kidogo, mama.

"Ngoja nikuweke kwenye spika. Sema tena."

Nikarudia polepole: paipu ya paani ilizibwa kwa saruji, na bafu lilikuwa safi siku zote. Kimya, halafu nikasikia dada akisema asante, na mama akimwambia kesho asifue, apumzishe mikono.

Mimi kesho niko mtaa wa Pipeline. Huko harufu huja mvua ikinyesha.