Namba zilipokaribia kwisha

Mazungumzo yalipangwa yahusu usanifu wa mifumo mikubwa, na mhandisi mkuu alikuja na michoro yake tayari. Haikufunguliwa. Swali langu la kwanza lilikuwa ni kazi gani iliyowatoa jasho kuliko zote mwaka ule. Yeye, msimamizi wa hifadhidata na kijana wa programu za simu wakatazamana, wakajibu karibu kwa sauti moja: kubadilisha aina ya safuwima moja ya jedwali la hifadhidata. Muda wote uliobaki ukaishia hapo.

Jedwali lao kuu lilitumia namba ya utambulisho ya biti 32, ile aina ya integer ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Mistari ya jedwali haikufika hata nusu ya kikomo hicho, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Msimamizi wa hifadhidata ndiye aliyegundua kwamba kaunta, ile inayotoa namba mpya kwa kila mstari, ilikuwa mbele sana kuliko idadi ya mistari. "Mkuu alidhani nimesoma vibaya," alisema, na mkuu hakubisha. Katika PostgreSQL, programu ya hifadhidata waliyoitumia, kaunta ikishatoa namba hairudishi, hata muamala (kundi la amri zinazofaulu au kushindwa kwa pamoja) ukibatilishwa. Amri ya kuongeza mstari, INSERT, ikiwa na ON CONFLICT nayo hula namba hata pale ambapo mstari tayari upo na hakuna kinachoongezwa. Simu za watumiaji zilikuwa zikirudia kutuma ujumbe uleule kila mtandao unaposuasua, na kila marudio yalimeza namba.

Kwa nini wasiandike tu ALTER TABLE, amri ya kubadilisha jedwali, na kugeuza aina kuwa bigint, yaani namba ya biti 64? Kwa sababu amri hiyo huandika upya jedwali zima pamoja na faharasa zake (orodha zinazoharakisha utafutaji), na muda wote huo hushika kufuli zito kabisa: hakuna anayesoma, hakuna anayeandika. Diski nayo inahitaji nafasi ya kubeba nakala ya pili ya jedwali. Waliijaribu kwenye seva iliyojengwa kutoka kwenye chelezo, wakaona muda inaochukua, wakaachana nayo.

Njia waliyochagua ilianza na safuwima mpya ya bigint, isiyo na thamani ndani. Kuiongeza ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini hata hapo kuna mtego. Ikiwa ripoti ndefu inasoma jedwali, ALTER TABLE husubiri nyuma yake, na kila ombi linalokuja baadaye hupanga foleni nyuma ya ALTER TABLE. Mfumo unasimama kwa amri ambayo yenyewe ingemalizika kwa sekunde moja. Ndiyo maana msimamizi aliweka lock_timeout, yaani kikomo cha kusubiri kufuli, ya sekunde 2 kwenye kila amri ya namna hiyo: ikikosa kufuli inajiondoa, halafu inajaribiwa tena baadaye.

Triga, amri inayojiendesha yenyewe mstari unapoguswa, ikanakili namba ya zamani kwenda safuwima mpya kwa kila mstari unaoingia au kubadilishwa. Mistari ya zamani ikajazwa na skripti, kwa mafungu. Walianza na mistari 50,000 kwa fungu, na seva nakala, ile inayofuata seva kuu na kusaidia usomaji, ikabaki nyuma. Mtumiaji anahifadhi kitu, akifungua orodha hakioni, kwa kuwa orodha ilisomwa kutoka kwenye nakala. Wakashuka hadi 5,000, kila fungu muamala wake, na skripti ikapumzika kila nakala ilipochelewa. Pia UPDATE katika PostgreSQL haifuti juu ya mstari uliopo. Huandika toleo jipya na kuacha la zamani kama mzoga unaosubiri VACUUM, amri ya usafishaji, hivyo mwendo wa skripti usizidi mwendo wa usafishaji.

Faharasa ya kipekee ilijengwa kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY, amri inayojenga bila kuzuia uandikaji lakini isiyokubali kuendeshwa ndani ya muamala. Zana nyingi za mabadiliko ya hifadhidata hufunga kila kitu ndani ya muamala, kwa hiyo lazima uzime tabia hiyo kwa faili hilo moja. Ujenzi ukikatika katikati, huacha faharasa batili ambayo haisaidii usomaji hata kidogo lakini inaendelea kuchelewesha uandikaji. Ifute, anza upya.

Sharti la kutokuwa tupu liliwekwa kama CHECK yenye NOT VALID, yaani bila kukagua mistari iliyopo, kisha likathibitishwa kwa VALIDATE CONSTRAINT, ambayo kufuli lake haliwazuii wasomaji wala waandishi. Kuanzia toleo la 12 la PostgreSQL, SET NOT NULL, amri ya kukataza thamani tupu, hutumia sharti hilo lililothibitishwa na hairudii kukagua jedwali zima.

Ubadilishanaji wenyewe ulikuwa muamala mmoja mfupi, na hapo mhandisi mkuu alichukua kalamu. Badilisha majina ya safuwima, hamisha ufunguo mkuu (utambulisho wa kila mstari), hamisha thamani ya chaguo-msingi. Ondoa NOT NULL kwenye safuwima ya zamani, la sivyo uandikaji wa kwanza tu unagoma. Badilisha kaunta iwe bigint, kwa sababu tangu toleo la 10 kaunta inayotokana na serial (safuwima inayojipa namba yenyewe) hufuata aina ya safuwima na ina kikomo chake. Kisha ihamishie umiliki kwenye safuwima mpya. Usipofanya hivyo, siku ya kufuta ya zamani amri itagoma, na mtu mwenye haraka akiongeza CASCADE, neno linalofuta na vyote vinavyotegemea, kaunta inaondoka pamoja nayo. Majedwali yanayorejelea namba hiyo yalishapanuliwa mapema kwa njia ileile. Kuacha hayo mwisho ni kuhamisha tatizo tu.

Nikauliza kama hawakufikiria namba hasi. Kaunta inaweza kuanzishwa upya kutoka -2,147,483,648 ikapanda, na unapata nafasi nyingine bilioni mbili bila kugusa jedwali. Msimamizi alisema ni dawa halali ya dharura. Mkuu aliikataa katakata, maana mfumo wao ulipanga orodha nyingi kwa namba ya utambulisho, na mistari mipya yote ingeonekana ya kale. Kwa maoni yangu msimamizi alikuwa sahihi zaidi: saa tatu kabla ya kugonga ukuta, orodha iliyopangika vibaya ni bei nafuu.

Kijana wa simu alikuwa kimya hadi hapo. "Seva unaibadilisha usiku mmoja, kaka," aliniambia. "Simu ya mtu huna mamlaka nayo." Int, aina ya namba katika Kotlin, lugha ya programu za Android, ni biti 32. Programu ya zamani ikipokea 2,147,483,648 inashindwa kusoma jibu zima, si namba hiyo peke yake. JavaScript, lugha ya kivinjari, huhimili hadi 9,007,199,254,740,991 bila kupoteza usahihi, hivyo upande wa kivinjari ulikuwa salama. Kwenye simu walitoa toleo linalotumia Long, aina ya biti 64, miezi kadhaa kabla, na matoleo ya zamani yakalazimishwa kusasishwa.

Jaribio lililowafaa kuliko yote lilikuwa jepesi mno: kwenye mazingira ya majaribio waliisogeza kaunta kupita kikomo, wakaacha timu nzima ifanye kazi humo. Ndipo ilipojitokeza fanksheni ya hifadhidata yenye kigezo cha integer, pamoja na ripoti iliyogeuza namba kwa nguvu kuwa biti 32. Usomaji wa msimbo haukuwa umeziona.

Baada ya hapo waliweka tahadhari kwa kaunta zote kupitia pg_sequences, orodha ya kaunta ndani ya PostgreSQL, wakilinganisha last_value (namba ya mwisho iliyotolewa) na max_value (kikomo). Msimamizi alitahadharisha kwamba ulinganisho huo hautoshi: kaunta zilizoundwa kabla ya toleo la 10 zina kikomo cha bigint hata kama safuwima ni integer, kwa hiyo asilimia itasoma karibu sifuri huku safuwima inakaribia kujaa. Skripti yao huangalia aina ya safuwima kwanza, ndipo inapiga hesabu.