Kurasa kumi kwa siku

Kilichonirudisha kwenye vitabu ni mkataba wa kazi. Ulikuwa na kurasa 11. Niliusoma ukurasa wa kwanza, nikaupitishia macho wa pili, kisha nikafunua moja kwa moja hadi palipoachwa nafasi ya sahihi. Miezi minane baadaye, nilipotaka kuondoka, nikaonyeshwa kifungu kilichokuwa ukurasa wa 7: anayeacha kazi kabla ya mwaka kwisha atarudisha gharama zote za mafunzo. Akiba yangu ya miezi mitatu ikaondoka hivyo. Sikuwa na wa kumlaumu. Maneno yalikuwa pale pale, kwa lugha ninayoielewa vizuri.

Fedha iliniuma, lakini kilichoninyima usingizi ni swali la kwa nini sikusoma. Mimi ni mtu niliyekuwa nikisoma kutwa nzima: ujumbe, vichwa vya habari, mabishano ya watu nisiowajua. Usiku ule nikatoa kitabu rafuni nijipime. Aya ya kwanza niliisoma mara nne. Macho yanafika mwisho wa mstari, akili imebaki kwingine. Kabla sijageuza ukurasa wa pili, mkono ulikuwa umeshaifikia simu, na wala sikumbuki kuutuma. Nilikuwa na miaka 34 na nikaogopa kweli.

Nikajiwekea kurasa 10 kwa siku. Nilizichagua kwa sababu ni chache kiasi kwamba hata siku mbaya zinasomeka. Nikapiga hesabu: kurasa 3,650 kwa mwaka, yaani vitabu 14 vya kurasa 250, na kurasa 150 zikabaki. Mimi ambaye kwa miaka sita sikuwa nimemaliza hata kimoja.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuchagua kitabu cha kujitesa, kitabu kinene cha historia ya uchumi, kwa imani kwamba mtu mzima anapaswa kusoma vitu vizito. Kwenye ukurasa wa 40 nikakwama, na wiki mbili nzima nikawa nakikwepa kama mtu anayenidai. Nikakirudisha rafuni, nikachukua riwaya ya upelelezi. Usiku wa tatu nilishtuka nimepita kurasa 60. Wapo wanaosema riwaya ni kupoteza muda, nami siwakubalii hata kidogo. Riwaya ndiyo iliyonirudishia pumzi ya kusoma, na kile kitabu cha uchumi nilikuja kukimaliza mwaka uliofuata kwa pumzi hiyo hiyo.

Simu niliihamishia chumba kingine. Haikutosha kuizima sauti. Ilipokuwa mezani, hata ikiwa imelala kifudifudi, sehemu yangu ilikuwa inaingojea. Halafu nikakata kipande cha karatasi ngumu nikawa nakishusha chini ya mstari ninaousoma, kama mtoto anayeanza shule. Nilikionea aibu kile kikaratasi mpaka nilipojifunza jinsi jicho linavyosoma. Huwa halitelezi juu ya mstari kama tunavyodhani. Linaruka, linatua kama robo ya sekunde, linaruka tena, na hata kwa msomaji mzoefu miruko kadhaa hurudi nyuma. Kwangu mimi ilikuwa inarudi kila mara, na karatasi iliyapa macho yangu ukingo wa kushikilia. Baada ya miezi miwili hivi sikuihitaji tena.

Nilikuwa nimesikia kwamba siku 21 zinatosha kujenga mazoea. Siku ya 21 ilipita nikiwa bado najisukuma, nikadhani nina kasoro. Baadaye nikakutana na utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kuanza tabia mpya. Wastani ulikuwa siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Tena walibaini kuwa kuruka siku moja hakuharibu kazi iliyokwishafanyika. Hilo la mwisho lilinikomboa. Mtoto wangu alipolazwa, nilikaa siku nne bila kugusa kitabu. Niliporudi sikujidai kurasa 40 nilizozikosa, nilisoma 10 za siku ile basi.

Kila nikifunga kitabu, naandika daftarini sentensi moja ya nilichokisoma, bila kuchungulia. Mwanzoni nilikuwa nakaa na kalamu mkononi sina la kuandika. Ile dakika ya kujikamua ndiyo inayokifanya kitu kibaki kichwani, kuliko kukisoma tena mara tatu.

Katika riwaya moja nilikutana na neno kuselelea. Nilikuwa silijui, nikaenda kwenye kamusi: kukaa mahali kwa muda mrefu bila kuondoka. Nililiandika daftarini, nikalipigia mstari, kwa kuwa lilikuwa jina la kitu nilichokuwa nakitafuta bila kujua kinaitwaje. Nilikuwa nimepoteza uwezo wa kuselelea. Kwenye mkataba, kwenye ukurasa, na kumbe hata kwenye maneno ya watu.

Hilo la watu sikuliona mwenyewe. Mdogo wangu wa kike hunipigia simu jioni, na ni mtu wa maelezo marefu, anaanzia mbali. Miaka yote nilikuwa namkatiza. Anapofika katikati nimeshampa jibu, na mara nyingi jibu la swali ambalo hakuwa ameliuliza. Mwaka wa pili wa kurasa zangu, jioni moja alikuwa ananieleza mgogoro wake na mwenzake kazini. Akazunguka, akarudi nyuma, akanyamaza kidogo, akaendelea. Alipomaliza nikamuuliza jambo moja dogo alilolitaja mwanzoni kabisa kisha akaliacha. Kimya kikapita.

“Kaka,” akasema, “siku hizi unaningoja nimalize.”

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu vitabu. Nilipomweleza, akaniomba kimoja cha kuanzia. Nikampa ile riwaya ya upelelezi, na kikaratasi changu kigumu nikakiacha ndani yake, kwenye ukurasa wa kwanza.