Impreza WRX ya zamani hapa Mwanza: pesa inaanzia wapi

Anayenunua Subaru Impreza WRX ya 2001 au 2004 hulipa mara mbili. Kwanza analipia gari lenyewe. Halafu, ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, analipia kila kitu ambacho wenye gari waliomtangulia walikiahirisha. Wengi hapa Mwanza wanajiandaa kwa malipo ya kwanza tu. Gari linapoanza kudai haki yake, pesa iliyobaki imeshaenda kwenye rimu na bomba la moshi lenye kelele.

Nazungumzia umbo lililotoka Japani kuanzia Agosti 2000 hadi 2007. Fungua boneti usome kibati: GDA ni WRX sedani, GGA ni ile yenye mgongo mrefu, GDB ni STI, toleo kali zaidi la WRX. GDA na GGA zina injini EJ205: silinda nne zilizolala, mbili kila upande, cc 1,994, turbo moja, farasi 250 kwa hesabu ya Kijapani. STI ina injini yake na giaboksi ya gia sita, na bei za spea zake ni habari nyingine kabisa.

Injini hii ikifa, mara nyingi imekufa kwa oili. Krenki yake (shafti inayozungushwa na pistoni) ni fupi, kwa sababu silinda zimegawanywa pande mbili, na nafasi ya beringi za konrodi, fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, ni nyembamba. Beringi nyembamba haivumilii oili pungufu hata kwa dakika chache. Ukipiga kona ndefu kwa kasi huku oili iko chini, yote hukimbilia upande mmoja wa sampu (karai la oili chini ya injini), bomba la kuvutia linanyonya hewa, na kazi imeisha. Dalili ni mlio wa kugonga, mzito, wa haraka, unaosikika zaidi ukiachia mafuta ghafla kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,000. Ukiusikia, zima. Usiendeshe hadi gereji, vuta kwa kamba. Kila dakika ya ziada inasambaza vumbi la chuma kwenye pampu, kwenye njia za oili na hadi kwenye turbo, na hapo fundi anayekuambia "tutabadilisha beringi tu" anakuandalia kifo cha pili.

Oili inayohitajika ni lita 4 hadi 4.5 pamoja na filta. Mimina 4, washa dakika moja, zima, subiri robo saa, pima, ndipo uongeze. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ya dipstiki ni kama lita 1, kwa hiyo ukikuta iko chini umeshapungukiwa karibu robo ya oili yote. Pima asubuhi injini ikiwa baridi, na gari liwe mahali tambarare. Jambo hili la mwisho ni la Mwanza hasa: gari lililolala kwenye mteremko wa Isamilo au Bugando litakupa kipimo cha uongo, na wenye kuishi milimani wanapaswa kutafuta sehemu moja ya usawa ya kupimia kila wiki. Kiwandani waliandika 5W-30. Kwa injini iliyokwisha kutembea na joto letu, 5W-40 nzuri inafaa. Badilisha kila kilomita 5,000 bila kujadiliana, na kama gari linakimbizwa, 4,000.

Turbo inakunywa oili hiyohiyo. Moshi wa bluu baada ya kusimama muda mrefu kwenye foleni ya Mabatini, halafu ukaondoka, ni dalili ya sili zake kuchoka. Toa bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, shika ncha ya shafti: mchezo mdogo wa kulia na kushoto unaruhusiwa, ila wa kuingia na kutoka hautakiwi, na mapanga yasiguse ukuta. Kabla ya kuweka turbo nyingine, fungua boliti yenye tundu inayoleta oili kwenye turbo. Kwenye baadhi ya injini hizi ndani yake kuna kichujio kidogo cha waya, na kikiziba kwa masizi turbo inakauka. Kuna watu waliobadilisha turbo mbili huku tatizo likiwa kwenye kichujio kisichozidi ukubwa wa kidole. Na gari likiwa zito tu bila moshi, kagua kwanza hosi inayounganisha turbo na intakula, kipoza hewa ya turbo kilicho juu ya injini. Hupasuka upande wa chini usikoonekana. Povu la sabuni na upepo wa kompresa kidogo vinatosha kuitambua.

Sasa mkanda wa taimingi. Wajapani wanaubadilisha kwa kilomita 100,000, na wengi hubandika stika kwenye chumba cha injini ikionyesha kilomita na tarehe. Mwaka ukiandikwa kwa H (Heisei, kalenda ya Kijapani), jumlisha 1988: H22 ni 2010. Sasa linganisha na kilomita za dashibodi. Kama stika inasema mkanda ulibadilishwa kwa kilomita 104,000 na dashibodi inasoma 89,000, umeshajua kwamba dashibodi imerudishwa nyuma. Stika isipokuwepo, chukulia kwamba mkanda haujawahi kuguswa.

Mkanda huu unazungusha kambi shafti nne, zinazofungua valvu. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na valvu ziko 16. Kinachokatisha mkanda mara nyingi siyo mkanda wenyewe: ni puli yenye meno iliyokauka grisi, inayokwama na kuukwangua, au tenshena ya oili (kikaza mkanda) iliyolegea. Kwa hiyo usikubali kubadilishiwa mkanda peke yake. Seti kamili ni mkanda, tenshena, puli mbili laini, puli moja ya meno, na pampu ya maji na gasketi yake, kwani pampu inazungushwa na mkanda huohuo na ukiiacha utarudi kulipia kazi ileile upya. Ukiwa hapo weka pia sili ya krenki na sili za kambi shafti. Na skurubu za kifuniko cha nyuma cha pampu ya oili zina tabia ya kulegea. Pampu ikitolewa, zikazwe.

Makosa ya mafundi hapa ni yaleyale. La kwanza, kusoma alama isiyo yake. Kwenye gia ya krenki kuna pembetatu inayovutia jicho, siyo hiyo. Alama ya kazi ni mstari mdogo kwenye kisahani cha nyuma cha sensa, nao unakaa juu kabisa ukitazamana na alama ya pampu ya oili. La pili, kubana tenshena kwa pupa. Inabanwa ikiwa imesimama wima, taratibu, dakika tatu au zaidi, kisha inachomekwa pini. Ukiharakisha unaiharibu ndani ikiwa mpya. La tatu linahusu gari za klachi: kuna kibati kidogo cha kuzuia mkanda kuruka meno, kinachokaa umbali wa milimita 1 kutoka kwenye mkanda. Mafundi wengi hukiacha mezani. Mwisho zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa swichi. Ikigoma popote, usilazimishe.

Kwa seti yenye jina, pampu na ufundi, tenga shilingi 800,000. Bei hufuata dola, kwa hiyo chukua tarakimu zangu zote kama kiasi cha kuweka kando. Seti ya bei nusu ipo Kariakoo na itakuja na basi usiku mmoja hadi stendi ya Nyegezi. Iache huko.

Upozaji unastahili subira. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi yanachemka karibu na nyuzi 96. Mfuniko mzima wa presha ya bar 1.1 unapandisha kiwango hicho hadi karibu 120. Mfuniko uliochoka unakurudisha kwenye 96, na injini ya turbo haiishi hapo. Gari hili lina mifuniko miwili: mmoja juu ya rejeta, mwingine kwenye tenki dogo la juu karibu na turbo. Kazi zao ni tofauti, usiweke mmoja mahali pa mwingine. Rejeta ni alumini katikati na plastiki juu na chini, na plastiki ya miaka ishirini hupasuka kwenye muungano. Ukiona rangi ya plastiki imekuwa kahawia, weka mpya kabla haijakuchagulia mahali pa kukwama. Tenga 350,000.

Halafu kuna ushauri unaozunguka gereji nyingi: "toa themostati, gari litapoa." Kwenye injini hizi za EJ ushauri huu ni wa hatari. Themostati, valvu inayofunguka maji yakipata moto, inakaa chini, upande ambao maji yanaingia kwenye pampu, na ina kisahani cha pili kinachofunga njia ya mkato pindi inapofunguka. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, maji moto yanazunguka injini bila kupita rejeta vizuri. Kwenye mwendo wa kwenda Usagara, nje ya mji, gari litaonekana baridi, kompyuta itazidi kumwaga petroli ikidhani injini haijapata moto, na petroli hiyo itaosha oili kwenye kuta za silinda. Kwenye foleni jioni, mshale utapanda. Weka themostati halisi, ile pana ya Subaru.

Mfumo unachukua zaidi kidogo ya lita 7. Tumia kulanti, maji maalumu ya rejeta. Maji ya bomba, hata yakiwa safi namna gani, hayana dawa ya kuzuia kutu kwenye alumini. Nyanyua pua ya gari, jaza taratibu kupitia tenki la juu, fungua skurubu ya kutolea hewa kwenye rejeta, washa hita kwenye moto, na subiri feni zote mbili ziwake na kuzima. Feni moja isipowaka, usiondoke.

Petroli: gari lilipangwa kwa oktani 100 ya Japani, na ya vituo vyetu haifiki hapo. Sensa ya mgongo wa injini inasikia mlipuko wa mapema na kompyuta inarudisha cheche nyuma. Msimbo wa hitilafu P0325 ukitokea kwenye kompyuta, ni hiyo sensa. Mara nyingi imepasuka. Ni spea ndogo inayolinda pistoni nne, ibadilishe wiki hiyohiyo. Na usiongeze presha ya turbo. Plagi ni NGK PFR6G au ya kufanana nayo, nafasi milimita 0.7 hadi 0.8. Kuzifikia inabidi utoe betri upande mmoja na kisanduku cha filta ya hewa upande mwingine, kwa hiyo fundi anayedai amemaliza kwa dakika kumi hajabadilisha zote.

Giaboksi ya gia tano ni dhaifu kuliko injini. Magurudumu yote manne yanashika, hakuna linaloteleza kupunguza mshtuko, hivyo anayeachia klachi kwa resi anamaliza meno, hasa ya gia ya tatu. Oili yake ni 75W-90 ya GL-5, lita 3.5, na difu ya nyuma lita 0.8. Ikishushwa kwa ajili ya klachi, badilisha pamoja sahani, presha pleti, rilizi beringi na sili ya nyuma ya krenki, na uangalie kifuniko cha oili nyuma ya flaiwili: kama ni cha plastiki, weka cha chuma. Tenga 900,000.

Tairi nne ziwe za aina moja na zimelika sawa. Moja mpya na tatu kuukuu zinazungusha difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, bila kupumzika hadi inaungua. Kabla ya kununua, peleka gari kwenye lami tambarare, kata usukani wote, zunguka polepole sana. Likibana na kurukaruka, difu hiyo imekwisha.

Chini ya gari, mawe na makorongo yetu baada ya mvua yanamaliza bushi za nyuma za mikono ya mbele, linki za stablaiza na beringi za magurudumu ya nyuma, zinazovuma kama ndege kuanzia kilomita 60 kwa saa. Buti ya ndani ya siivii (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu) upande wa bomba la moshi hukaushwa na joto na kurusha grisi kwenye ekzosi. Harufu ya kuungua ukisimama inatoka hapo, au kwenye gasketi za vifuniko vya valvu.

Injini ikiwa imeshagonga, mtumba kutoka Japani pamoja na kufungwa utengee milioni 5. Kabla ya kulipa, toa filta ya oili ya injini hiyo, ikate, tandaza karatasi yake juani. Ukiona vimulimuli vya rangi ya shaba au fedha, mwachie muuzaji injini yake.