Nilivyompandisha binti yangu kwenye mbio za magari bila kumharakisha

Kila nikikutana na mzazi ambaye mtoto wake anaanza mbio za magari, swali la kwanza huwa ni pesa na la pili huwa ni injini. Hilo la injini nalielewa. Nauza spea Kirinyaga Road, pale tunapopaita Grogan, na kila siku naona watu wakitafuta kitu cha kuongezea gari nguvu. Lakini binti yangu ametoka kwenye gokati, vile vigari vidogo vya mbio vya kuanzia, hadi kwenye Toyota Starlet ya autokrosi, mbio za njia ya udongo, kwa njia nyingine, na injini ilikuwa ya mwisho kwenye orodha yetu. Naandika kwa sababu naona wazazi wengi Nairobi wakishinikizwa wapandishe watoto daraja mapema, na naamini ushauri huo ni mbaya.

Alianzia kwenye gokati za kukodi kule Langata Road, karibu na Carnivore, akiwa darasa la nne. Gokati hizo hazina gia. Ni kanyagio la mafuta, la breki na usukani mzito unaomchosha mtoto mikono. Hakuwa mwepesi kuliko wenzake. Kilichonifanya niendelee kutoa pesa ni kwamba alipokuwa akishuka alinieleza kona moja moja: hapa gari liliteleza nyuma, hapa nilichelewa kugeuza, hapa yule wa mbele alinifungia njia. Watoto wengi wakishuka wanasema tu ilikuwa raha. Yeye alikuwa anakumbuka.

Autokrosi ni kitu kingine. Ni njia ya udongo iliyozungushwa uwanjani, na unashindana na saa. Unakwenda mara kadhaa kwa siku na kila sekunde inahesabiwa. Watoto wadogo wana daraja lao, Bambino. Leseni ya mashindano hutolewa na KMSF, shirikisho la michezo ya magari nchini, na mtoto chini ya miaka 18 lazima mzazi amtilie sahihi. Siku ya kutia ile sahihi shosho yake alikuwa nyumbani kwetu, na alikaa kimya mpaka usiku ndipo akaniuliza, "Na shingo yake je?"

Hilo ndilo swali ambalo kila mzazi angeanza nalo. Pesa zetu za kwanza zilikwenda mwilini mwake kabla hazijakwenda kwenye gari: helmeti mpya dukani, kizuizi cha shingo, na mikanda ya kufungia mabega na kiuno. Mimi ni mtu wa mitumba, nguo zangu nyingi zimetoka Gikomba, lakini helmeti ya mtumba sinunui. Povu lililo ndani likishapokea pigo moja linabonyea na halirudi, na kwa nje huoni kitu. Mikanda nayo ina tarehe. Ile yenye cheti cha FIA, shirikisho la magari la dunia, imeandikwa mwaka wa mwisho wa kutumika, miaka 5 baada ya kutengenezwa, kwa sababu jua na jasho hula nyuzi. Kuna muuzaji mmoja aliyetaka kuniuzia seti ambayo tarehe yake ilikuwa imekwanguliwa. Nilimrudishia mezani nikaondoka.

Gari lenyewe lilikuwa bagi ndogo, kagari ka wazi ka mbio, ya injini ya pikipiki. Tulinunua kwa familia ambayo mtoto wao alikuwa amekua mrefu hadi magoti yanagusa usukani. Fundi wangu aliichomoa plagi siku ya kwanza tu, akaniletea dukani. Ilikuwa nyeusi tititi, masizi matupu. "Mama, hii inakunywa petroli kuliko hewa," akaniambia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyopangwa kwa hewa nzito ya pwani, ikifika huku Nairobi inamwaga petroli ambayo hakuna hewa ya kuiunguza. Akatia jeti ndogo zaidi, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, tukajaribu, akachomoa plagi tena, mpaka ikawa na rangi ya kahawia kama mkate uliookwa vizuri. Hiyo ndiyo kazi yote ya injini tuliyoifanya kwa muda mrefu.

Jeti ndogo hurekebisha mchanganyiko, lakini ile nguvu iliyopotea hairudi. Injini isiyo na turbo, hewa ikipungua kwa asilimia 15, nguvu nayo inapungua karibu vivyo hivyo. Na hapo ndipo nilipoanza kuona faida ya kale kagari. Ukiwa na gari lenye nguvu, ukiharibu kona unakanyaga mafuta na uharibifu unafichika. Kagari kanyonge hakafichi. Ukiingia kona kwa fujo, vumbi likaruka, nyuma ikatambaa pembeni, watazamaji watapiga makofi, lakini utatoka polepole na utakuwa polepole mpaka mwisho wa ile njia iliyonyooka. Mwendo ukiupoteza huku juu unaununua upya kwa bei ghali. Kwa hiyo mtoto anajifunza kuutunza, hata bila kuambiwa.

Mimi niliweka daftari. Nilikuwa nasimama mahali ninapoona sehemu kubwa ya njia, nimeigawa vipande kwa alama: kutoka mwanzo hadi mti, kutoka mti hadi kwenye matairi, na kadhalika. Nilipima kila kipande kwa simu. Akirudi simwonyeshi kitu. Namuuliza kwanza.

"Umepoteza wapi?"

"Kwenye matairi, Mama. Gari liliteleza sana."

Nafungua daftari. Kwenye matairi alikuwa sawa. Alikuwa amepoteza kona iliyotangulia ile njia ndefu, ile ambayo yeye aliona ni rahisi na akaipita bila kuifikiria. Mara nyingi ilikuwa hivyo: pale panapotisha dereva huwa makini, na pale panapoonekana pepesi ndipo sekunde zinapovuja. Baada ya muda majibu yake yakaanza kukubaliana na saa, na siku hizi mara nyingi ananiambia muda wake kabla sijautazama.

Asubuhi, kabla ya injini yoyote kuwaka, tunatembea njia nzima kwa miguu. Pale Jamhuri Park yeye hutembea na viatu vyenye kisigino kigumu, anakwaruza udongo kila kona. Marram, ule udongo wa changarawe, ya juu inapokuwa imelegea, chini yake kuna tabaka gumu, na magari ya kwanza ndiyo hufagia ile ya juu. Kwa hiyo mstari mzuri wa asubuhi huenda usiwe mzuri wa saa sita. Adhuhuri utakuta njia imefagiliwa ikang'aa, na pembeni kumerundikana kokoto zinazokusubiri uguse. Kwenye udongo mweusi wa kule Langata na Athi River, mvua kidogo tu inabadilisha kila kitu. Udongo unavimba na kuganda kwenye matairi mpaka yanakuwa laini kama hayana meno. Hayo yote anayaandika. Upepo wa matairi tunaupunguza njia ikiwa imelegea, tunaongeza ikikauka na kuwa ngumu, na kila tulichofanya kinaingia daftarini pamoja na muda uliopatikana. Sijui mzazi anayeweza kununua elimu hiyo kwa pesa.

Msimu ulipoisha wenzake wakapanda daraja. Baba mmoja, mtu mwema kabisa, alinivuta kando akaniambia, "Mama, unamchelewesha mtoto." Hata fundi alikuwa upande wake. Nilikataa, na sababu ilikuwa daftarini. Muda wake bora ulikuwa mzuri kweli, unalingana na wa watoto walioshinda. Lakini kati ya muda wake bora na muda wake mbaya, siku ileile, njia ileile, kulikuwa na pengo kubwa. Maana yake alikuwa anabahatisha. Nikamwambia sharti langu: siku ambayo raundi zako zote zitakaa ndani ya sekunde moja, nitakutafutia gari kubwa. Hakuniongelesha Ngong Road yote mpaka nyumbani. Siku kadhaa zilizofuata pia nilipewa majibu ya neno moja moja. Nilivumilia, kwa sababu dereva anayebahatisha ukimwongezea nguvu unamwongezea tu ukubwa wa ajali.

Msimu huo wa pili ndio uliomtengeneza. Watu wanaona ushindi wa baadaye wanafikiri ni gari. Mimi niliuona ukijengeka katika zile safu za tarakimu zinazosogeleana, Jumapili baada ya Jumapili ya mazoezi, mpaka siku moja zikakaribiana kiasi cha kufunikwa na kidole gumba.

Nikatimiza ahadi. Tukanunua Toyota Starlet, ile EP82 ya injini ya 4E-FE, sentimita za ujazo 1,331. Niliichagua kwa sababu naijua. Spea zake nimeuza tangu nifungue duka. Pesa kubwa iliyotumika ni ya kizimba cha mabomba ya chuma ndani ya gari, cha kumlinda dereva gari likipinduka, kilichochomelewa Kariobangi Light Industries na fundi ambaye ameshafanya magari ya ralli. Wakaguzi huangalia kila kiungo kabla gari halijaingia njiani, na mimi mwenyewe nilikaa pale gereji kwenye kistuli nikitazama kila mshono ukichomelewa. Baada ya hapo, shokabzoba na matairi. Injini ilibadilishwa mafuta, plagi na mikanda, basi.

Kwa malipo, nilisaidiwa na biashara yangu. Fundi nilimlipa nusu kwa spea. Matairi tulipokea kwa madereva wakubwa wanaoyatoa yakiwa na maisha bado. Pikapu na trela tunachangia na familia nyingine, na siku za mbio tunapika sufuria moja. Asiye na duka la spea atakuwa na kitu kingine cha kubadilishana; kwenye viwanja hivi nimeona mpaka mtu akilipa kwa kazi ya uhasibu.

Starlet ilimsumbua mwanzoni kwa jambo moja. Bagi ilikuwa inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo alizoea kukanyaga mafuta ili mkia ugeuke. Starlet inavutwa na magurudumu ya mbele, na hayo hayo ndiyo yanayogeuza, na hayo hayo ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya breki. Ukiyadai yote kwa pamoja, pua inakwenda moja kwa moja na kona inabaki pembeni yako. Ikambidi ajifunze kumaliza breki kubwa gari likiwa limenyooka, kisha aachilie kanyagio taratibu wakati anageuza, ili uzito ubaki mbele na tairi zipate kushika. Akaongeza kugusa breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiwa bado kwenye mafuta, kuupa mkia ruhusa ya kutembea kidogo. Tulirudia hilo kwenye kona moja, koni mbili tu, mpaka jua likashuka. Lakini kutunza mwendo hakuhitaji kufundishwa tena. Mbio za Jamhuri Park alipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika daraja lake, akiwa wa tatu, magari kadhaa yaliyoachwa nyuma yalikuwa na nguvu kuliko lake. Nililia, na sikujificha.

Mwaka 2022 nilimpeleka Kasarani kutazama Safari Rally. Safari iliyoanza mwaka 1953 ilikuwa imerudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka uliotangulia, baada ya kukosekana tangu 2002. Mshindi wa mwaka huo wa 2022 alikuwa Kalle Rovanperä wa Ufini, umri miaka 21, na Oktoba akawa bingwa wa dunia, mdogo kuliko wote waliomtangulia. Binti yangu alikwenda kumtafuta mtandaoni, akaniita jikoni kunionyesha video ya yule yule akiwa mtoto wa miaka 8, anaendesha Starlet kwenye barafu. Ya zamani kuliko yetu, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, lakini Starlet. Nilichokiona mimi ni miaka iliyopita kati ya ile video na lile kombe.

Sasa yuko kidato cha nne, na mazoezi yamepungua mpaka KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ipite. Hilo tulikubaliana mapema na halina mjadala. Akifikisha miaka 18 ataweza kupata leseni ya kuendesha barabarani, na bila hiyo huwezi kuingia ralli, kwa sababu kati ya kipande kimoja cha mashindano na kingine gari linapita barabara za umma pamoja na matatu na malori. Ralli pia inataka msomaji pembeni yako, wa kukusomea kona zinazokuja. Kwa hiyo siku nyingine za wikendi ninaendesha mimi, mwendo wa kawaida, kutoka Kiserian kushuka Kona Baridi kuelekea Magadi. Yeye anakaa kando anataja kona kwa sauti, kali au pole, fupi au ndefu, na binamu yake huko nyuma anaandika. Tukirudi, binamu anasoma na yeye anafumba macho. Kona isipofanana na maneno yaliyosomwa anamwambia asimame, wanaisahihisha.

Kiti cha pili cha Starlet nimeshakipata kwa mteja wangu mmoja. Kilichobaki ni mikanda yake na helmeti ya binamu, na hivyo viwili nitanunua vipya.