Ratiba ndiyo iliyokuwa ikitukimbizia watu

Dereva wetu wa forklifti alinikuta mezani saa kumi na mbili asubuhi, mwisho wa zamu ya usiku. Akaweka ufunguo wa mashine, akaweka skana, kisha fulana ya kung'aa aliyokuwa ameikunja vizuri. "Bosi, sina ugomvi na mtu," akaniambia. "Nimechoka kutojua kesho naingia saa ngapi." Alikuwa nasi kwa miaka 6 na alizijua rafu zote za ghala lile. Nikamwambia nitaomba aongezewe mshahara. Akatikisa kichwa, akaniaga.

Nilikuwa msimamizi wa ghala la usambazaji lenye watu 40 hivi: wapokeaji wa mizigo, wakusanyaji wa oda (wanaotoa rafuni bidhaa zilizoagizwa), wapakiaji, madereva. Ndani ya miezi 12 walikuwa wameondoka 22. Ukigawanya walioondoka kwa wastani wa walioko kazini, hiyo ni asilimia 55. Ofisini tulikuwa na maelezo yetu tayari: vijana hawatulii, na kwingine wanalipa vizuri zaidi. La mshahara lilikuwa na ukweli wake. Ila huyu alikuwa amekataa hela mbele yangu, na jambo hilo halikuniacha nilale.

Nikachukua mafaili. Niliandika tarehe aliyoondoka kila mmoja na muda aliokaa, halafu nikatandaza pembeni ratiba za zamu za wiki zilizotangulia. Watu 13 kati ya 22 hawakufikisha hata siku 90. Wale wazoefu, karibu wote waliondoka wiki 2 au 3 baada ya kipindi ambacho ratiba ilijaa kalamu nyekundu. Kalamu hiyo ilikuwa yangu. Mzigo ukizidi, nilifuta jina hapa nikaliandika pale, na alfajiri nikamwomba mtu aliyekesha abaki hadi saa nne.

Sasa kwa nini mzigo ulizidi kila wiki? Jibu lilikuwa kwenye hesabu niliyoirithi na ambayo sikuwahi kuigusa. Siku ya kawaida tulikuwa na mistari 4,800 ya oda, mstari mmoja ukiwa bidhaa moja iliyoagizwa kwenye oda. Mkusanyaji mzoefu anamaliza mistari 60 kwa saa, kwa hiyo tunahitaji saa 80 za kazi. Gawanya kwa zamu ya saa 8, unapata watu 10, na 10 ndio waliokuwepo. Lakini hakuna mtu anayekusanya oda saa 8 mfululizo. Kuna mapumziko, kikao cha kuanza zamu, betri ya skana kuisha, kusubiri rafu ijazwe. Nilisimama sakafuni siku 3 nikihesabu dakika, nikapata saa 6 na nusu za kazi yenyewe. Hapo watu wanakuwa 12 na kitu. Bado likizo, ugonjwa na mafunzo, ambavyo kwetu vilikula asilimia 15 ya siku za kazi. Gawanya tena kwa 0.85, unakaribia 15.

Kazi ya watu 15 ilikuwa ikifanywa na watu 10, na pengo lote walilibeba walewale kwa ovataimu. Mzoefu mmoja akiondoka tukaleta mgeni, kwenye karatasi pengo limezibwa, kumbe mwezi wa kwanza mgeni anakusanya nusu tu ya mwenzake. Wenzake wanambeba, wanachoka, anaondoka mwingine.

Niliipeleka hesabu hiyo kwa uongozi. Hawakunipa watu 15, walinipa 13. Wawili waliopungua tuliwapata humohumo: malori yetu hufika asubuhi na oda hushika kasi baada ya saa sita, hivyo wapokeaji wawili wakafundishwa kukusanya oda wakahamia huko mchana. Wenyewe walifurahi, maana walikuwa wanajifunza kazi ya pili.

Ratiba ikaanza kubandikwa wiki 2 kabla. Ndani ya saa 72 za mwisho haibadilishwi, labda mtu ajitolee au wabadilishane wenyewe. Kuna waliosema hili bila nyongeza kubwa ya mshahara ni kazi bure. Mimi hufikiria mfano huu: mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford kule Highland Park, Marekani, kilikuwa na mzunguko wa wafanyakazi wa asilimia 370 kwa mwaka, yaani walioondoka walikuwa zaidi ya mara tatu ya walioko kazini. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, na katika tangazo hilohilo akapunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi 8. Dola zinakumbukwa na kila mtu. Mimi nadhani saa nazo zilihesabika.

Kwa wageni, nilianza kukaa na kila mmoja siku ya 3, ya 30 na ya 90. Binti mmoja, siku yake ya 3, nilimwona anashika maboksi kwa ncha za vidole. Glavu alizopewa zilikuwa kubwa mno. "Kiongozi, niliona aibu kuuliza kama kuna ndogo," akasema. Zilikuwepo, boksi zima, kabatini. Nilienda nikazileta mwenyewe. Nafikiria ni wangapi kati ya wale 13 wasiofikisha siku 90 waliondoka kwa kitu cha aina hiyo ambacho hakuna aliyekiona.

Miezi 12 iliyofuata waliondoka 11, wanne kati yao ndani ya siku 90. Saba kati ya hao 11 walikuwa wa zamu ya usiku, na hapo bado sijapapatia. Tuliwauliza wa usiku wenyewe, wakaomba kupokezana na wa mchana kila baada ya wiki 4. Tumeanza mwezi huu.