Kipimajoto cha vifaranga kimehamia sebuleni

Jumapili usiku mama mkwe aliinuka kwenye kochi, akainama mbele ya hita, akazungusha swichi ya joto kutoka namba 3 mpaka namba 6, kisha akarudi kujifunika blanketi lake bila kumtazama mtu. Mume wangu hakusema kitu. Alingoja mama yake aende msalani, akairudisha 3. Mimi natoka jikoni na chai nikamkuta bado kachuchumaa pale. Nikamwambia, "Baba, mama yako ana miaka 74." Akanijibu, "Na umeme wa Luku umebaki uniti 11." Usiku ule tulilala tumegeuziana migongo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimezaliwa na kukulia Ngamiani, ambako shuka moja jepesi lakutosha mwaka mzima, na blanketi ni kitu cha kumpa mgonjwa. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Njombe. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, kipupwe kikishika, baridi yake inaingia bila kupiga hodi. Ukitoka nje saa kumi na moja alfajiri unakuta bati linadondosha maji kana kwamba mvua imenyesha. Kule Kitulo, upande wa Makete, umande unaganda na nyasi zinakuwa nyeupe. Wenyeji wangu walinipokea kwa "kamwene" na masweta mawili ya mtumba, na nawashukuru mpaka leo, maana mimba yangu ya kwanza niliimaliza ndani ya masweta hayo.

Kinachonishangaza ni namna tunavyojenga. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma na bati, madirisha makubwa, sakafu ya saruji, sawasawa kabisa na nyumba ambayo ningejengewa Tanga au Dar. Vyumba vya kulala vina dari. Sebule haina. Pesa ziliisha, tukasema tutamalizia mwakani, na huo mwakani umeshapita mara nne. Ukikaa sebuleni na kutazama juu unaona mbao za paa na bati lenyewe.

Hita tulinunua mwaka jana, mtoto wetu wa pili alipokuwa anakohoa kila usiku. Ni ya wati 2,000. Kabla yake sisi tulikuwa kwenye lile kundi la matumizi madogo, ambapo uniti 75 za mwezi unazipata kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na ukivuka hapo kila uniti inakuwa 350. Taa, televisheni, simu na pasi ya Jumapili vilikuwa havitufikishi huko. Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa. Ukiiwasha kwa muda wa saa 4 kila usiku ni uniti 8, kwa hiyo peke yake inazimaliza zile 75 siku ya kumi. Mume wangu aliandika hesabu hiyo kwenye daftari la mbolea, akanionyesha. Sikuwa na la kumjibu, hesabu ni hesabu. Ila na mimi nina kifua cha mtoto ninayemsikiliza usiku.

Basi vita vikawa vya namba. Mume wangu ni wa 3. Mama mkwe ni wa 6, na asingekuwepo huyo mwanawe pengine angeipitisha. Binti yetu wa shule ya msingi anaizungusha mpaka mwisho akirudi shule, kwa imani kwamba namba kubwa inaleta joto haraka. Mimi nilikuwa naomba 4, zaidi kwa ajili ya amani.

Shemeji yangu anayesoma Ujerumani aliposikia aliingia kwenye mazungumzo kwa simu. Akatueleza kwamba kule kila radieta, yaani hita ya ukutani, ina swichi yenye namba 1 hadi 5, na 3 ni kama nyuzi 20 hivi, na kwamba nao katika chumba walichopanga watu wanne wanagombana kila siku nani kaigusa. Akaongeza kuwa mwaka 2022, gesi ya Urusi ilipokatika, serikali yao iliagiza ofisi za umma zisipashwe joto kupita nyuzi 19. Mume wangu alilidaka neno hilo kama mwewe. Wiki nzima ikawa "Wajerumani wenye viwanda vyao wanakaa nyuzi 19, sisi ni nani?"

Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza tangu mwanzo: na sisi tuko ngapi? Hakuna aliyejua. Namba za hita yetu ni namba tu, hazina nyuzi.

Nafuga kuku. Kila baada ya miezi michache naingiza vifaranga 150 wa chotara kwenye banda nyuma ya nyumba, na wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35, halafu unapunguza kidogo kidogo kila wiki. Kwa hiyo kipimajoto ninacho, kinaning'inia kwenye bruda, pale vifaranga wanapopashwa joto, kina picha ya kifaranga pembeni. Nilikitoa nikakitundika ukutani juu ya kochi la mama mkwe. Saa mbili usiku, hita ikiwa imezimwa, kikasoma 13. Nilisimama pale nikakitazama muda mrefu. Vifaranga wangu walikuwa kwenye 33. Mtoto wangu wa miaka mitatu alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kwenye 13.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa nyumba na afya mwaka 2018, linasema wakati wa baridi ndani ya nyumba pasishuke chini ya nyuzi 18, na kwamba wazee, watoto na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi ya hapo. Nilimsomea mume wangu kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho.

Lakini kabla sijafika kwenye tulichofanya, lazima niseme la jiko, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Mama mkwe haipendi hita. Anasema haina uso, huwezi kuikalia ukazungumza nayo wala kuchomea kiazi. Amezeeka na moto wa kuni katikati ya nyumba ya majani, moshi ukipenya paani, na sasa amezoea jiko la mkaa. Mkaa wa huku wa miti ya miwati unashika vizuri na kudumu. Usiku mmoja mwezi wa saba, baada ya mwanawe kushusha swichi tena, hakubishana naye. Alisubiri mkaa ushike uwe mwekundu bila moshi, akaingiza jiko chumbani kwake, akafunga dirisha, akasukuma khanga chini ya mlango kuziba upepo. Binti yangu analala naye.

Saa sita usiku nilisikia mtoto anatapika. Nilipofungua mlango joto la chumba lilinipiga usoni, joto zuri kabisa. Mtoto alisema kichwa kinamuuma. Bibi yake alikuwa anaamka kwa shida, anazungumza polepole. Nilijua ni nini. Sikujua kwa kusoma. Nilijua kwa sababu mwaka juzi nilipoteza vifaranga 40 kwa usiku mmoja nikiwa nimeziba banda lote kwa turubai na kuweka majiko mawili ndani. Asubuhi walikuwa wamelala kama wamesinzia. Afisa mifugo ndiye aliyenielewesha: mkaa ukiungua kwenye hewa finyu unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na ikiingia kwenye damu inang'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu mara 200 na zaidi. Watu wanaogopa moshi. Mkaa ukishakuwa mwekundu usio na moshi wanauamini, na huo ndio unaoua watu usingizini.

Tuliwatoa wote wawili nje barazani, kwenye ile baridi, tumewafunga mablanketi. Mume wangu alikimbia kuazima gari kwa jirani. Hospitali waliwekwa kwenye oksijeni mpaka asubuhi, wakaruhusiwa mchana. Namshukuru Mungu kwa kutapika kwa yule mtoto.

Mama mkwe alilia. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nilitaka alale na joto." Sikuwa na hasira naye hata chembe. Hasira yangu ilikuwa kwa zile namba 3 na 6, kwamba watu wazima watatu tulishindana juu yake mpaka bibi akaenda kutafuta joto lake mwenyewe kwa siri.

Jiko haliingii tena chumba cha kulala. Hilo ni la kwangu na sikuliweka mezani lijadiliwe. Jumamosi tunaliwasha jikoni, mlango wa nyuma wazi na dirisha wazi, tunakaa sote humo, mama mkwe anachoma viazi na kuwahadithia wajukuu. Usiku anapata chupa ya maji ya moto niliyoifunga khanga, anaiweka miguuni.

Kuhusu hita, nilimwita fundi umeme aje aitazame. Aliifungua akatuonyesha themostati: vyuma viwili vya aina tofauti vimebandikwa pamoja, kimoja kinatanuka zaidi kwa joto, kwa hiyo kipande kinajipinda na kukata umeme. Namba unayochagua inaamua tu kijipinde kiasi gani kabla ya kukata. Kuiweka 6 hakuongezi kasi hata kidogo. Inavuta wati zilezile 2,000, tofauti ni wakati wa kuzima. Binti yangu alimuuliza maswali mengi kuliko sisi.

Kisha tukapima, usiku mbili mfululizo, hita ikiwaka kwa muda wa saa 2 kila usiku. Namba 3: kwenye kochi nyuzi 16, na hita ilikuwa inakata na kurudi. Namba 6: nyuzi 17, na haikukata hata mara moja. Kwa hiyo ugomvi wote ule wa miezi miwili ulikuwa wa nyuzi 1. Mume wangu alikaa kimya, halafu akainua kichwa akatazama bati. Mimi nilikuwa nimeshalitazama siku nyingi.

Joto linapanda. Sebule isiyo na dari inalipasha bati, na bati linaipasha Njombe yote. Wiki iliyofuata alileta mbao na plaiwudi kutoka kiwandani anakofahamiana na watu, akaanza na upande wa makochi. Mpakani na upande usio na dari tumeshusha turubai, mapazia nimeyashonea kitambaa cha pili, na chini ya mlango wa mbele kapigilia kipande cha mpira wa tairi. Usiku wa kwanza baada ya hapo, namba 3, hita ikiwa imewaka kwa muda wa saa moja na nusu, kipimajoto kilisoma 18. Mama mkwe alimwuliza mjukuu wake, "Kifaranga kinasema ngapi?" Alipoambiwa alivua kilemba.

Tumekubaliana hita iwashwe kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa mbili na nusu, namba 3, na 4 usiku ambao mtoto anakohoa. Mama mkwe bado anaipandisha nikiwa jikoni. Jumapili ile niliyoanza nayo ilikuwa baada ya makubaliano haya, na mume wangu bado anaishusha badala ya kumwambia mama yake neno. Hilo nimemwambia wazi: aseme naye, ni mama yake, asimvizie msalani.

Upande wa pili wa dari haujaisha. Yeye anasema mpaka viazi viuzwe. Mimi kuku wangu wanatoka tarehe 20, na mbao nimeshaulizia bei.