Kubadilisha globu ndogo ya mlango wa gari

Taa ya chini ya mlango, ile inayomulika unapokanyaga ukishuka, mara nyingi hutumia globu ya W5W: volti 12, wati 5, ya kioo kitupu bila kitako cha chuma. Madukani ukitaja T10 wanaelewa. Magari mengine hutumia ile ndefu yenye ncha mbili, na haziingiliani, kwa hiyo nenda na globu ya zamani mkononi.

Kwanza chomoa fyuzi ya taa za ndani. Usiruke hatua hii. Kwenye magari mengi swichi ya mlango hukata upande wa hasi, hivyo chanya hubaki na umeme hata taa ikiwa imezimika. Bisibisi ikigusa soketi na bodi kwa pamoja, fyuzi inaungua, na mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayolisha saa na kumbukumbu ya redio.

Funga ncha ya bisibisi bapa kwa utepe, ipenyeze kwenye pengo dogo la kava, inua taratibu. Upande mmoja una klipu, mwingine una ndoano tu. Ukilazimisha upande wa ndoano, plastiki inakatika. Globu huvutwa moja kwa moja, haizungushwi.

Mpya isipowaka hata baada ya kurudisha fyuzi, chomoa fyuzi tena na uangalie vibati vya soketi: kutu ya kijani husuguliwa kwa msasa laini. Ikiwa ni ya LED, igeuze kwanza, maana nyingi huchagua chanya na hasi. Usiweke ya wati 10. Joto lake huyeyusha kava.